Haiko kansere, lakini iko kitu

Kosa ninalotaka kulizungumzia hapa nililifanya mimi mwenyewe, na nililifanya kwa ulimi. Ndiyo maana ninalileta katika jarida la kitivo chetu cha lugha, wala silipeleki kwa wenzetu wa Kitivo cha Tiba.

Nilikuwa mwaka wa kwanza. Mama yangu mdogo anaishi Kambove, kwetu, na kwa miaka mingi alikuwa na uvimbe wa tezi shingoni. Katika Swahili bora uvimbe huo huitwa rovu. Nyumbani tunauita gwatre. Aliufunika kwa kitambaa na maisha yakaendelea. Ulipoanza kumbana pumzi kila akilala chali, familia ikachanga feza, akaletwa Lubumbashi, akapasuliwa. Tezi yote ikatolewa. Wiki chache baadaye nilimsindikiza kwa daktari kupokea majibu ya maabara, kwa sababu Kifaransa chake kiliishia shule ya msingi, na mimi katika ukoo nilikuwa tayari "mwana wa université".

Daktari alizungumza kwa dakika chache, kwa upole, na yote aliyosema yalikuwa sahihi. Nakumbuka maneno matatu: "C'est bénin." "Traitement substitutif, un comprimé par jour." "Contrôle dans deux mois."

Nami nikageuka kwa mama nikatafsiri: "Mama, banasema haiko kansere. Haina kitu. Utakunywa dawa ya kusaidia, moja kila siku. Nyuma ya miezi mbili utarudia ku kontrole."

Mama akacheka kwa furaha, akamshukuru Mungu, kisha akaniuliza swali ambalo sikulisikia vizuri siku ile: "Sasa kama haina kitu, banataka bakontrole nini?"

Nilicheka pia. Sikumjibu. Tukatoka, tukanunua vidonge vya miezi miwili, nikampandisha gari la Likasi.

Vidonge vilikwisha mwezi wa tano. Hakurudi. Mwezi wa saba alianza kulalamika baridi, lakini nani angeshangaa? Asubuhi za mwezi wa saba Kambove ni baridi kwa kila mtu. Akaanza kulala mchana. Uso ukajaa, ngozi ikakauka, akawa anasahau sufuria motoni. Sauti yake, ambayo ilikuwa ikibeba safu nzima ya wanawake katika kwaya, ikawa nzito na ya polepole kama ya mtu aliyeamshwa usiku. Nilimpigia simu kumshauri arudi kwa daktari. Akanijibu: "Mi nilisha kupona, mwana. Muntu mwenye alisha kupona anaenda ku lupitalo kutafuta nini?" Wengine nyumbani walianza kusema kuna mtu amemfunga. Wakafunga na kuomba.

Mwezi wa tisa alikwenda kwenye kituo cha afya cha jirani kwa sababu nyingine kabisa, tumbo lililokataa kufanya kazi. Muuguzi aliyempokea aliona kovu shingoni. Akamuuliza: "Mama, hapa balikupasula nini? Sasa asubui unakunywaka kidonge gani?" Mama akajibu neno moja: "Nilimaliza."

Muuguzi yule ndiye aliyemrudisha. Alimtuma Likasi akapimwe damu, vidonge vikaanza upya, na kwa muda wa miezi kadhaa mama akarudi alivyokuwa. Ningeweza kuishia hapo na kushukuru. Lakini mimi ninasoma lugha, na kila nikifikiri juu ya miezi ile ninaona kwamba hapakuwa na mtu aliyekataa kumtibu, wala yeye hakukataa kutibiwa. Aliugua kwa sababu ya tafsiri yangu. Hoja yangu ni hii: katika mkoa wetu, ziara ya kurudi kwa daktari baada ya matibabu hupotea mara nyingi katika sentensi ya mwisho, pale mlangoni, na sentensi hiyo ni kazi yetu sisi watu wa lugha kama ilivyo kazi ya daktari. Niyachukue maneno yale matatu moja moja.

La kwanza ni bénin. Kwa daktari, neno hili linajibu swali moja tu: je, ni kansa au si kansa? Halisemi kwamba ugonjwa ni mdogo. Halisemi kwamba umekwisha. Uvimbe usio wa kansa unaweza kuziba koo, unaweza kumwaga damu, unaweza kuota tena. Lakini katika Kifaransa cha mtaani, bénin ni kitu kisicho na uzito, kama mafua ya mtoto. Mimi nilibeba maana ya mtaani nikaiweka mdomoni mwa daktari: "Haina kitu." Tafsiri sahihi ilikuwa na sehemu mbili, "haiko kansere, lakini iko kitu", na mimi nikaikata katikati kwa sababu sehemu ya kwanza ndiyo iliyokuwa imeniondolea hofu. Ninadhani wengi wetu tumefanya hivyo kwa wazazi wetu. Hofu yetu ni kansa. Tukisikia si yenyewe, masikio yanafunga.

Neno la pili ni substitutif. Hapa kosa langu lilikuwa kubwa zaidi. Tezi ya shingo hutengeneza homoni inayoendesha mwendo wa mwili: joto, moyo, tumbo, hata kasi ya kufikiri. Ikitolewa yote, mwili hauwezi kuitengeneza tena, na kidonge cha kila asubuhi ndicho kinachukua nafasi yake, maisha yote. "Substitutif" maana yake ni hiyo: kinakaa mahali pa kitu kilichotolewa. Mimi nikasema "dawa ya kusaidia". Dawa ya kusaidia ni nini Kambove? Ni vitamini. Ni ile unayokunywa ukiwa dhaifu na kuiacha ukipata nguvu. Isitoshe, kila tangazo la afya tulilokua nalo, la malaria au la antibiotiki, limetufundisha amri moja: maliza dawa. Mama alitii. Alipomwambia muuguzi "nilimaliza", alikuwa anajisifu kwa haki. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna dawa isiyomalizwa.

Neno la tatu ndilo linalonishughulisha zaidi, kontrole. Fikirini ni wapi mtu wa Haut-Katanga analisikia neno hilo. Analisikia kwenye kizuizi cha barabara, anapoombwa karatasi. Analisikia penye mizani ya madini, ambako mchimbaji anaogopa kupunjwa na mnunuzi anaogopa kuibiwa. Analisikia kwa mtu wa kodi sokoni. Katika mifano yote hii anayekontrole ndiye mwenye faida, na anayekontrolewa ana jambo la kuficha au la kupoteza. Kisha tunamwita mgonjwa kwa neno hilohilo na kushangaa haji.

Neno hili lina historia pia. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ilijenga kambi za wafanyakazi zenye hospitali zake, na Kambove ni mmoja wa miji iliyozaliwa na migodi hiyo. Babu yangu alifanya kazi mgodini, na aliposema juu ya visite médicale alikuwa anasema juu ya amri: unaitwa, unapanga mstari, unaangaliwa kama mwili wako bado unafaa kwa kazi. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power cha 1986, anaonyesha jinsi Kiswahili chenyewe kilivyofungwa na mambo ya kazi na utawala katika Katanga ya zamani. Tukikubali hoja hiyo, hatutashangaa kuona kwamba msamiati wa afya ulitufikia ukiwa na sauti ya msimamizi. Ulikuwa unasema "njoo", haukuwa na desturi ya kusema "kwa sababu".

Amri hiyo, pamoja na ubaya wake, ilikuwa na nguvu moja: mtu alirudi, kwa kuwa hospitali na mshahara vilikuwa mkononi mwa mwajiri mmoja. Baada ya 1967 kampuni ya taifa, Gécamines, iliendelea kubeba matibabu ya wafanyakazi na familia zao. Uzalishaji ukaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na katika mpango wa 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini. Leo wengi katika miji yetu ya migodi hawana mtu wa kuwaamuru warudi kwa daktari, na wanalipa kutoka mfukoni. Amri imekwisha. Maelezo ambayo yangechukua nafasi yake hayajaja bado. Tumebaki na neno tupu: kontrole.

Mtu anaweza kusema kwamba ninajenga nyumba juu ya kidonge kimoja cha shangazi wa kijijini. Basi tutazame mbali kidogo.

Mwanamke aliyetolewa fibromu, yaani uvimbe wa kizazi, huambiwa naye kwamba "c'est bénin". Lakini fibromu zinaweza kuota tena, na kama kizazi kilikatwa kwa kina, kuna kovu linaloweza kupasuka wakati wa uchungu. Anapopata mimba anapaswa kufuatiliwa mapema na kuzalia mahali penye uwezo wa kupasua. Mwanamke anayejua hilo atamweleza mkunga. Yule aliyeambiwa "haina kitu" hatasema lolote, maana hana la kusema.

Mwanamke aliyeshonwa fistula naye yuko hivyo. Nchi yetu inajulikana duniani kwa kazi hiyo, hasa kwa Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Lakini ushonaji uliofanikiwa unaweza kufunguka katika uzazi unaofuata ikiwa mama atazaa nyumbani. Ushauri wa kawaida ni kwamba azae kwa kupasuliwa. Furaha ya kukauka haipaswi kumfanya asahau njia ya hospitali.

Halafu kuna mimba zabibu, ile mimba isiyo na mtoto ambayo ndani ya kizazi huota vifuko kama vishada. Mara nyingi si kansa. Ikishasafishwa, mwanamke hujisikia mzima ndani ya siku chache. Lakini kwa baadhi yao mabaki hugeuka kuwa ugonjwa wa hatari, na dalili ya kwanza huonekana katika kipimo cha homoni ya mimba kabla mwanamke hajahisi chochote. Ndiyo maana anaombwa arudi kila wiki mpaka kipimo kiwe safi, kisha kila mwezi kwa miezi kadhaa, na asibebe mimba nyingine kwa muda huo, kwa kuwa mimba mpya ingeficha kipimo. Ugonjwa huo ukikamatwa mapema hutibika vizuri sana. Hapa kurudi ndiko kunakookoa, na mtu anatakiwa kurudi akiwa anajisikia mzima kabisa. Jaribu kuyasema hayo yote kwa neno "kontrole".

Mfano wa mwisho ni wa malale, ugonjwa wa usingizi, ambao kwa miongo mingi Kongo imebeba wagonjwa wake wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Kanuni ya zamani ilitaka aliyetibiwa arudi kila miezi sita kwa miaka miwili, na kila mara achomwe sindano ya mgongo ili maji ya uti yatazamwe. Wengi hawakurudi. Ninawaelewa. Mtu amepona, analima, analala usiku na kuamka asubuhi, kisha unamwita umchome mgongo bila yeye kujua unatafuta nini. Tangu fexinidazole, dawa ya kumeza, iliposajiliwa nchini mwishoni mwa 2018, sindano zimepungua sana. Sayansi iliondoa sehemu ya maumivu. Sehemu ya maelezo hakuna maabara itakayotutengenezea.

Sasa nijibu pingamizi tatu ambazo nimekwisha kuzisikia barazani.

La kwanza ni la feza, na ndilo zito. Kutoka Kambove mpaka Likasi ni kilomita zipatazo 25, na kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni zipatazo 120. Nauli ya kwenda na kurudi, malipo ya maabara, siku mbili bila kuuza sokoni: kwa mama yangu hicho ni chakula cha wiki kadhaa. Sitaki kumwambia mtu kwamba tafsiri nzuri inalipa nauli. Hailipi. Serikali na hospitali zina wajibu wa kusogeza vipimo karibu na watu, na sisi tuna haki ya kudai hivyo. Lakini angalieni jambo moja. Mama alipojua kwamba kinachotakiwa ni damu kidogo ili kuona kama kidonge kinamfaa, aliuliza mwenyewe: lazima Lubumbashi? Jibu lilikuwa hapana. Likasi inatosha, na daktari anaweza kusomewa majibu kwa simu. Mtu anayejua sababu ya safari anaweza kuifupisha. Asiyejua anaweza tu kuiacha.

Pingamizi la pili ni kwamba daktari hana muda: nje kuna watu arobaini wamekaa kwenye benchi. Ni kweli. Lakini sentensi ninayoomba haizidi dakika moja, na mgonjwa anayerudi akiwa amevimba baada ya miezi sita atachukua saa nzima.

Pingamizi la tatu ni letu wenyewe, la kitivo: tuzungumze Kiswahili gani? Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini kila mmoja wetu anajua kwamba kuna Swahili bora ya vitabu na kanisa, ambayo ndiyo ninayoandika hapa, na kuna Kiswahili cha nyumbani. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba tukitoka katika Kifaransa tunapaswa kuingia katika Swahili bora. Nadhani tunakosea. Nilimsomea mama maneno "uchunguzi wa ufuatiliaji", niliyoyaokota katika karatasi moja ya afya. Akaniuliza kama ni jambo la polisi.

Kuna hatari kubwa kuliko kuchekwa. Katika Swahili bora, "kutosha" ni kuwa na kiasi kinachohitajika. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, "kutosha" ni kutoa, kuondoa: unatosha viatu, unatosha mtoto majini. Kiasi kinachofaa sisi tunasema "inaenea". Basi mwandike mgonjwa "dozi hii inatosha", na katika masikio ya Kambove umemwambia kwamba dozi hii inaondoa. Inaondoa nini? Ugonjwa, bila shaka. Basi akisha kuinywa, kazi imekwisha. Mgonjwa huyo hatakuwa mjinga. Atakuwa ameelewa sawasawa lugha yake mwenyewe.

Wataalamu walikwisha kutuonyesha kwamba Kiswahili hiki si uchafu wa kile kingine. Edgar Polomé alikiandikia makala tangu 1968, na Walter Schicho akatoa kitabu kizima juu ya sintaksia yake mwaka 1982. Tunawasoma, tunawanukuu katika memwari zetu, tunapata alama. Kisha tukifika hospitalini na mama zetu tunaona haya kusema "balitosha".

Napendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Moja, darasa la tafsiri. Tunatafsiri kurasa za riwaya, na ni vizuri. Tuongeze sentensi kumi za mlangoni mwa hospitali, tuzifanyie kazi kwa ukali uleule. Chuo chetu kina Kitivo cha Tiba. Wanafunzi wao watatuambia sentensi inapaswa kubeba nini, nasi tutatafuta maneno yanayoweza kubeba. Kisha sentensi zijaribiwe kwa kumwomba msikilizaji azirudie kwa maneno yake. Ikiwa alichorudia si tulichokusudia, sentensi ndiyo imeanguka mtihani, si yeye. Kwa kuanzia, naleta sentensi ambayo ningepaswa kumwambia mama siku ile:

"Mama, haiko kansere, lakini iko kitu. Balitosha tezi yote, na tezi njo ilikuwa inapatia mwili moto na nguvu. Sasa hii kidonge njo inafanya kazi yake, kila asubui, mupaka mwisho. Haimalizikake. Nyuma ya miezi mbili tutarudia, baangalie mu damu kama kidonge inaenea: ikipunguka utachoka, ikipita kipimo moyo itakimbia."

Si sentensi nzuri sana. Rekebisheni.

Mbili, karatasi ya kurudi. Mgonjwa hutoka na tarehe tu. Tungeweza kuwaandalia wenye kuhitaji karatasi yenye mistari minne: unarudi siku gani, wanaangalia nini, usiporudi nini kinaweza kutokea, na ni dalili gani ikikupata usingoje tarehe. Wenye kifua kikuu katika nchi hii wana kitu kinachokaribia hicho: matibabu ya kawaida ni miezi sita, na makohozi huangaliwa mwishoni mwa mwezi wa pili, wa tano na wa sita. Mgonjwa anajua miezi yake na anajua kinachotafutwa. Kwa nini aliyetolewa gwatre asijue yake?

Tatu, na hili halihitaji ruhusa ya mtu. Karibu kila mmoja anayesoma ukurasa huu atakuwa mkalimani wa mzazi, wa bibi, wa jirani, apende asipende. Hakuna diploma ya kazi hiyo na hakuna anayeifanya kwa mshahara. Kabla ya kutoka kwa daktari, tuulize maswali mawili kwa Kifaransa chetu kizuri: tunarudi kuangalia nini, na tusiporudi kunakuwa nini? Kisha tutafsiri jibu lote, hata ile sehemu inayotunyima furaha. Na mzee akituuliza swali, kama mama yangu alivyoniuliza, tusicheke. Swali lake lilikuwa ndilo hasa daktari angefurahi kulijibu. Mimi niliyekaa katikati ndiye niliyelizuia lisimfikie.

Mama sasa anakunywa kidonge chake kila asubuhi na maji matupu, anangoja karibu saa moja kabla ya kula, na redio ndiyo saa yake. Amerudi kwenye kwaya. Kwenda Likasi anakwenda kwa tarehe zake, bila kusukumwa, na jirani wakimuuliza anaumwa nini tena, hasemi anaenda ku kontrole. Anasema: "Naenda kuangalia kama kidonge ingali inaenea."

Sentensi hiyo aliitunga mwenyewe. Tungeanzia hapo.